Uzoefu wangu: Banda la Majengo, Moshi, linalotafsiri muvi za mashujaa

Kama uliacha kufuatilia muvi za Marvel, ile studio ya Marekani ya hadithi za mashujaa, kwa sababu kila inayotoka inadai uwe umeshaona nyingine kumi, nenda kwenye banda la video la Majengo Jumamosi jioni. Kiingilio ni shilingi 500. Ukifika Majengo ulizia banda la mashujaa, hata mtoto atakupeleka. Nimekuwa mteja wao tangu walipoanza kuionyesha hadithi nzima kwa mfululizo, kuanzia Iron Man ya 2008, na hapa Moshi sijapata sehemu nyingine inayomfanya mtu aelewe anachokitazama kiasi hicho.

Banda lenyewe ni la kawaida: mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, TV mbili kubwa, pazia jeusi mlangoni, bati juu. Mvua za masika zikishuka husikii kitu. Umeme ukikatika jenereta huwashwa haraka, lakini nalo linanguruma.

Unacholipia ni mtafsiri. Muvi nyingi tunazozipata mtaani zimeshaingizwa sauti. Mtafsiri alishamaliza kazi yake huko Dar, wewe unapokea alichosema. Pale Majengo kuna kijana anayekaa pembeni ya TV na maiki mkononi, anatafsiri hapo hapo huku akiwaangalia wanaomsikiliza. Akiona watu wamekunja nyuso anawarudisha nyuma kidogo: "Jamani, huyu si yule aliyemwibia mwenzake lile jiwe Jumamosi iliyopita?" Watu wanaitikia, muvi inaendelea. Hata siku moja sijamsikia akimaliza hadithi kabla ya wakati wake. Tena anasoma. Vitabu vya katuni vya Marekani ambako hadithi hizi zilianzia anavijua, na ndiyo maana maelezo yake yana uzito.

Kabla ya muvi huwa anatoa habari: nini kinatengenezwa, nani kachaguliwa kuwa stelingi, tarehe gani imesogezwa. Hapa ndipo aliponishika. Julai 2024 ilipotangazwa kule San Diego, Marekani, kwamba Robert Downey Jr., aliyecheza Tony Stark, yaani Iron Man, anarudi, safari hii kama Doctor Doom, mabenchi yalichafuka. Stelingi wetu anageukaje kuwa adui? Mtafsiri akatulia akaeleza kwamba Doom si Tony Stark aliyefufuka. Ni mtu mwingine kabisa, Victor von Doom, mtawala wa nchi ya kubuni iitwayo Latveria, na alianza kuonekana kwenye toleo la 5 la Fantastic Four mwaka 1962, uso wake ukiwa umefichwa nyuma ya kinyago cha chuma. Mwigizaji ni yule yule, mhusika ni mwingine. Baadaye Avengers: Doomsday, muvi ya huyo Doom, iliposogezwa kutoka 1 Mei 2026 hadi 18 Desemba 2026, alilisema hilo vilevile, bila kuongeza chumvi. Na huwa anatenganisha: hili limetangazwa na studio yenyewe, hili ni tetesi, msilibebe. Mtandaoni mambo hayo mawili huchanganywa kila siku, kwa hiyo kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kumrudisha mtu Jumamosi nyingine.

Kuna jambo lingine ambalo mabanda mengi hulikosea. Majina yakianza kupanda, mwenye banda anazima ili awahi muvi inayofuata. Kwa muvi hizi ni hasara, maana tangu ile Iron Man ya kwanza, ambapo Nick Fury, yule anayekusanya mashujaa, anamsubiri Tony nyumbani kwake baada ya majina kuisha, mlango wa kuingilia hadithi inayofuata mara nyingi umewekwa huko mwisho. Pale Majengo hakuna kuzima. Mangi mwenye banda anasimama mlangoni na kuwaambia wanaonyanyuka, "Kaeni, wazee, haijaisha." Mdogo wangu, aliyeko kidato cha pili, alikuwa anaona Thanos, yule adui mkubwa wa mashujaa, ametokea hewani tu. Alipozitazama zote kwa mpangilio, pamoja na vipande vya mwisho, aliniambia mwenyewe kwamba yule mtu amekuwa akiandaliwa tangu Avengers ya 2012.

Jumamosi ya Avengers: Infinity War sitaisahau. Sisi tuliokulia mabandani tuna sheria: stelingi hafi. Anapigwa, anachomwa kisu, anatupwa mtoni, lakini mwisho anarudi. Thanos alipopiga kidole na nusu ya viumbe wote wakatoweka, watu walisubiri warudi. Peter Parker, yaani Spider-Man, akayeyuka kuwa vumbi mikononi mwa Tony, bado tunasubiri. Muvi ikaisha. Mzee mmoja aliyekuwa benchi la mbele aligeuka akauliza kwa hasira mkanda wa pili uko wapi. Mtafsiri hakujaribu kutupooza. Alisema dunia nzima ilisubiri tangu Aprili 2018 hadi Aprili 2019 kupata jibu, sisi tutasubiri wiki moja. Wiki iliyofuata, kwa ajili ya Endgame, muvi inayoendeleza hadithi hiyo, watu walikaa hadi sakafuni kwa saa tatu na dakika yake moja.

Black Panther ya 2018, ya mfalme shujaa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika, aliitendea haki kuliko zote. Wajabari wa M'Baku, wale wanaoishi juu mlimani kwenye theluji na hawataki kutawaliwa na walioko chini, walipotokea, banda zima liliwachukua kuwa watu wa Kibosho na Machame. Mlima wenye theluji unaotazama mji siyo jambo la kubuni kwa mtu wa Moshi, na mtafsiri aliliona hilo akalitumia: M'Baku alimpa lafudhi ya mangi wa milimani, kwa heshima, siyo kwa kumchekesha mtu. Walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje, walipoingia na nguo zao nyekundu zenye shanga, alieleza kwamba Ruth E. Carter aliyebuni mavazi yale alichota, pamoja na mahali pengine, kwa Wamaasai, na kwamba kazi hiyo ilimpatia Oscar mwaka 2019. Blanketi za wale wanaolinda mpaka wa Wakanda akasema ni za Wabasotho wa Lesotho. Dada anayeuza shanga karibu na stendi alikuwa pale. Aliomba kipande kile kirudishwe, na kikarudishwa. Ukumbi wa sinema usingekufanyia hivyo.

Sasa kasoro, na mojawapo iliniumiza kweli. Kijana huyu ana ugonjwa wa watafsiri wengi: anaogopa kimya. Wakanda Forever ya 2022, muvi ya pili ya Black Panther, inaanza na kifo cha mfalme, halafu nembo ya Marvel inapita ikiwa na picha za Chadwick Boseman, aliyemcheza mfalme huyo, bila muziki wowote. Boseman alifariki 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43, na alicheza muvi kadhaa akiwa tayari anaumwa huku wachache sana wakijua. Kimya kile ni msiba. Mtafsiri alikijaza kwa kutukumbusha muvi iliyopita iliishia wapi. Baadaye nilimfuata nje nikamwambia, "Kaka, pale ungeweka maiki chini." Alinisikiliza bila kukasirika, akasema alidhani spika zimekata. Lakini tabia hiyo bado anayo: kwenye vita ni sawa, kwenye machozi anaharibu.

Vilevile Black Panther ina mazungumzo ya Kixhosa. John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyecheza mfalme T'Chaka, ndiye aliyeiingiza lugha hiyo tangu Captain America: Civil War ya 2016. Mtafsiri anaifunika sawasawa na anavyofunika Kiingereza. Ningependa aache sentensi chache zipite zenyewe kabla ya kutafsiri, watu wasikie mfalme wa Kiafrika akiongea lugha ya Kiafrika.

Lingine analolikosa ni Storm. Kwenye muvi za X-Men, kundi jingine la mashujaa wa Marvel, alimtambulisha kama mwanamke anayeamrisha radi, basi. Kumbe Storm, jina lake halisi Ororo Munroe, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1975, mama yake ni Mkenya, na kwenye vitabu aliishi tambarare za Serengeti akiheshimiwa na watu kama mungu kwa sababu ya kuleta mvua. Serengeti! Watu wa mabenchi yale wana ndugu wanaoendesha magari ya watalii kwenda huko. Kama kuna mhusika wa kusimamishiwa muvi dakika mbili na kuelezewa, ni huyo. Nimeshamwambia pia kuhusu Kizazi Moto, zile katuni fupi 10 za kubuni za Waafrika zilizotoka Disney+ Julai 2023, moja yake ya Ng'endo Mukii wa Kenya. Sijaziona kwenye ratiba bado.

DC, kampuni ya akina Batman na Superman, huwa wanaipitia juu juu. Shabiki wa Batman ataondoka na njaa.

Usitegemee muvi mpya pale. Mangi hapigi muvi za kamera, zile zilizorekodiwa kwa simu ukumbini, na namuunga mkono kabisa. Superman ya Julai 2025 nilipanda gari hadi Arusha kuiona kwenye ukumbi wa sinema. Sauti ilikuwa safi mno, viti vizuri, lakini Kiingereza kilimpita mdogo wangu sehemu nyingi na hapakuwa na wa kumuuliza. Mwenye uwezo aende huko kwanza, kisha aje Majengo kuelewa.

Kwa wazazi: Deadpool & Wolverine ilipoonyeshwa, watoto walitolewa nje mapema na pesa zao wakarudishiwa. Jumamosi za kawaida unaweza kwenda nao. Habari zinaanza saa kumi na nusu jioni, muvi saa kumi na moja. Fika mapema ukae benchi la katikati upande wa mlangoni, mbali na jenereta.