Mapitio ya Kitabu: Nicolas Notovitch na Yesu wa Hemis

Kitabu cha Nicolas Notovitch, La vie inconnue de Jésus-Christ, kilitoka Paris mwaka 1894, na hadi leo karibu kila anayedai kwamba Yesu alisomea India huwa anakirudia, ajue au asijue. Toleo nililosoma ni tafsiri ya Kiingereza iliyochapwa upya kwa kupiga picha kurasa za zamani. Kwenye jalada la nyuma mchapishaji, ambaye sitamtaja, anamwahidi mnunuzi hati ya kale ya Kibudha iliyofichwa na Kanisa. Hayo ni maneno ya biashara. Kilichomo ndani ni vitu viwili vilivyoshonwa pamoja: masimulizi ya safari ya mwandishi kutoka Kashmir hadi Ladakh, eneo la milima kaskazini mwa India, mwaka 1887, na andiko fupi la sura 14 kuhusu maisha ya Mtakatifu Issa, yaani Yesu, ambalo anasema alisomewa na lama (mtawa wa Kibudha) mkuu wa monasteri ya Hemis huko Ladakh. Sehemu ya kwanza nimeifurahia. Ya pili ni ya kusomwa kwa tahadhari kubwa, ingawa si ya kutupwa.

Notovitch, Mrusi aliyezaliwa Crimea mwaka 1858, ni msimuliaji hodari. Anaondoka Srinagar, anavuka njia ya mlimani ya Zoji La, anafika Mulbekh ambako lama mmoja anamdokezea habari za nabii aitwaye Issa, kisha anapita Lamayuru na kuingia Leh. Baada ya kutembelea Hemis na kuiacha, farasi anamtupa, mguu unavunjika, naye anarudishwa monasterini kuuguzwa. Akiwa kitandani, lama mkuu anamletea vitabu viwili vikubwa vyenye kurasa zilizogeuka manjano na kumsomea, huku mkalimani akitafsiri na mgonjwa akiandika katika daftari lake la safari. Ni tukio lililopangwa vizuri mno, na msomaji aliyezoea riwaya za karne ya 19 atautambua haraka ufundi uliotumika.

Hapo ndipo penye kuhitaji utulivu. Kwa maelezo yake mwenyewe, maneno ya asili yalikuwa ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha, nakala ya Hemis ilikuwa ya Kitibeti, mkalimani akayatamka kwa lugha nyingine, yeye akayaandika kwa haraka, baadaye akayapanga upya mafungu ili habari ifuatane, na mwishowe akayachapisha kwa Kifaransa miaka saba baada ya safari. Picha alizopiga njiani, anasema, ziliharibika. Hata kama kila mmoja katika mnyororo huo alikuwa mkweli, tunachosoma leo ni mpangilio wa Notovitch, na jalada linaloita kitu hicho hati ya kale linampunja mnunuzi.

Habari yenyewe inakwenda hivi. Issa anapokaribia umri wa kuozwa mke, anatoroka nyumbani na kufuatana na wafanyabiashara hadi Sindh. Anakaa Jagannath, Rajagriha na Benares, anajifunza Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, kisha anaanza kuwafundisha watu wa matabaka ya chini ya Vaishya na Shudra, jambo ambalo Wabrahmani, tabaka la makuhani, wanalipinga kwa nguvu, hadi wanapanga kumuua. Anakimbilia kwa Wabudha milimani Nepal, anajifunza Kipali, anapita Uajemi akibishana na makuhani wa Zoroaster, na anarudi kwao akiwa na miaka 29. Tangu hapo simulizi linakaribia lile tulilolizoea, lakini kwa tofauti zinazostahili kusomwa polepole.

Tofauti kubwa iko katika hukumu. Katika Injili ya Mathayo anayenawa mikono ni Pilato, na umati unapiga kelele asulubiwe. Katika andiko la Notovitch, Pilato ndiye anayemtaka Issa afe na kuandaa mashahidi wa uongo, ilhali makuhani na wazee wa Kiyahudi wanamtetea, na wao ndio wanaonawa mikono wakisema hawana hatia ya damu ya mtu mwenye haki. Hata kaburi tupu linapewa maelezo ya kiserikali: Pilato, akiogopa ghasia, anatuma askari kwa siri kuuhamisha mwili. Notovitch alizaliwa katika familia ya Kiyahudi na baadaye akaingia Kanisa la Orthodoksi, na alikuwa akiandika katika Ulaya ambamo Wayahudi walikuwa wakisingiziwa damu ya Kristo na kushambuliwa kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo kitabu kinaposema jambo zito kuliko yote, na jambo hilo linahusu karne ya 19 zaidi ya karne ya kwanza. Vivyo hivyo hotuba ndefu ya Issa ya kumheshimu mwanamke kama mama, baada ya jasusi wa Pilato kumsukuma ajuza mmoja, ni maneno mazuri ambayo mhariri wa gazeti la Paris wa wakati ule angeyatia sahihi bila kusita.

Ukaguzi wa madai haya haukuchelewa. Oktoba 1894, Max Müller, mtaalamu wa Kisanskriti wa Oxford, aliandika kwamba andiko kama hilo halimo katika orodha za Kanjur na Tanjur, yaani mikusanyo mikuu ya maandiko ya Kibudha ya Tibet. Alihoji pia bahati ya ajabu ya wafanyabiashara wa Kiyahudi ambao, kwa mujibu wa andiko, walifika India na habari za kusulubiwa wakakutana papo hapo na watu waliomjua Issa alipokuwa mwanafunzi. Mimi ningeongeza hekalu la Jagannath la Puri: jengo tunalolijua ni la karne ya 12, na linaonekana katika kisa hiki kana kwamba lilikuwa limeshamiri kama lilivyokuwa enzi za Waingereza.

Pigo kubwa lilitoka kwa J. Archibald Douglas, profesa katika chuo cha serikali huko Agra, aliyekwenda Hemis mwaka 1895 na kumsomea lama mkuu madai yote kupitia mkalimani. Makala yake ilitoka Aprili 1896, na kuna sehemu moja ambayo naiona inatosha. Notovitch anasimulia kwamba alimpelekea lama huyo zawadi za shukrani: saa ya kengele, saa ya mfukoni na kipimajoto. Douglas alipomuuliza, lama alijibu kwamba hakupokea vitu hivyo na kwamba hata hajui kipimajoto ni kitu gani. Aliposomewa habari za hati ya Issa alisema kwa ukali kwamba ni uongo mtupu, na kwamba katika miaka 42 ya ulama wake hajawahi kuona kitabu kinachomtaja. Maelezo yake yaliandikwa na kutiwa muhuri.

Haki itendeke kwa Notovitch pia. Mwanzoni baadhi ya wakosoaji walidhani kwamba hakufika Ladakh kabisa, lakini daktari mmishenari wa Kanisa la Moravia aliyekuwa Leh aliandika katika shajara yake kwamba alimtibu jino. Kwa hiyo safari ilikuwapo, na ndiyo maana maelezo yake ya njia na monasteri yana uhai. Watetezi wake huwataja Swami Abhedananda, mtawa wa Kihindu aliyefika Hemis mwaka 1922, na mchoraji Nicholas Roerich, aliyepita Ladakh mwaka 1925, kuwa wote wawili walisikia au walionyeshwa habari za Issa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeleta hati ikachunguzwa na wataalamu, na kufikia wakati huo kitabu cha Notovitch kilikuwa kimekwisha zunguka dunia kwa miongo mitatu. Mgeni akifika na swali lililokwisha kujibiwa na kitabu, si ajabu akaondoka na jibu lile lile.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari moja zaidi, kwa kuwa kwetu habari hii mara nyingi huchanganywa na mafundisho ya Waahmadiyya. Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, katika kitabu alichoandika mwaka 1899, alifundisha kwamba Isa hakufia msalabani, bali alipona, akahamia Kashmir na kufa huko akiwa na miaka 120, na kwamba kaburi lake ni lile la Rozabal katika mtaa wa Khanyar, Srinagar. Hiyo ni safari ya baada ya msalaba. Ya Notovitch ni ya kabla yake, na Issa wake anakufa msalabani. Mtu hawezi kuyachukua yote mawili kama ushahidi mmoja bila kukata vipande vya kila upande. Fundisho hilo la Kashmir lilifika pwani na bara kupitia mihadhara na machapisho ya Waahmadiyya, na tafsiri yao ya Kiswahili ya Qurani ya mwaka 1953 ilimfanya Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy awajibu kwa kalamu, kwani Waislamu walio wengi wanaamini kwamba Isa hakusulubiwa bali Mungu alimnyanyua. Kitabu tunachokijadili hakiwezi kuwasaidia wala kuwadhuru wenye mjadala huo.

Je, pengo lenyewe la miaka isiyosimuliwa katika maisha ya Yesu lipo? Luka anamwonyesha Yesu hekaluni akiwa na miaka 12, kisha anamrudisha akiwa na umri wapata miaka 30, na katikati anasema tu kwamba alizidi kukua katika hekima na kimo. Lakini watu wa Nazareti katika Marko 6 wanaposhangaa mafundisho yake, wanamwita seremala na kuwataja ndugu zake kwa majina. Hakuna anayesema kwamba mtu huyu ametoka ugenini juzi. Tena mji wa Sepphoris, uliokuwa ukijengwa upya na Herode Antipa, ulikuwa umbali wa kilomita 6 hivi, na fundi wa Nazareti angeweza kupata kazi huko miaka nenda rudi. Njia za biashara za kwenda India zilikuwepo, hilo halina ubishi. Kuwepo kwa njia si sawa na kuwepo kwa msafiri.

Kwa ubora wa masimulizi nampa Notovitch nyota nne kati ya tano, na kwa ushahidi nampa moja. Toleo langu limekatwa vibaya pembezoni kiasi kwamba herufi za mwisho wa mistari zimeliwa kwenye kurasa kadhaa, na karatasi yake inapitisha wino. Haki miliki ya kitabu imekwisha muda mrefu, hivyo nakala ya kielektroniki inapatikana bure katika maktaba za mtandaoni. Atakayependelea karatasi atafute toleo lenye utangulizi wa mwandishi akiwajibu wakosoaji wake, kwa sababu humo anabadilisha kauli na kusema kwamba habari za Issa zilikuwa zimetawanyika katika vitabu mbalimbali, na alisome pamoja na makala ya Douglas, ambayo nayo ni bure.