Uzoefu wangu na kikokotoo cha kisayansi cha Casio fx-991ES PLUS

Mtengenezaji wa kikokotoo hiki hukitangaza kuwa na funksheni 417. Idadi hiyo haikuwa sababu ya mimi kukichagua, kwa kuwa sehemu kubwa ya hesabu zangu hutumia matendo manne, mabano, vipeo, vipeuo, logi na trigonometria. Ninachokithamini zaidi ni skrini yake, ambayo huandika hesabu jinsi inavyoandikwa daftarini, sehemu ikiwa na kiasi juu na asili chini, kipeo kikiwa kidogo juu ya namba yake, na alama ya kipeuo ikifunika kila kilichomo ndani yake. Baada ya jibu kutokea, swali hubaki pale pale juu, hivyo naweza kulisoma tena kabla ya kuamua kuliamini jibu.

Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kushikwa mkononi, HP-35 cha mwaka 1972, hakikuwa hata na kitufe cha sawasawa: mtumiaji aliingiza namba kwanza na tendo baadaye, na skrini ilimwonyesha namba tupu. Wapo mpaka leo wanaoupenda mtindo huo, na wana sababu zao, lakini kwa mtu anayenakili swali kutoka kitabuni hakuna njia salama zaidi ya kuona swali lenyewe mbele yake.

Katika hesabu za kawaida kikokotoo hufuata kanuni ya mpangilio wa matendo bila kukosea. Ukiandika 2 + 3 × 4 utapata 14, na ukitaka 20 itakubidi uweke mabano. Panapohitaji uangalifu ni kwenye namba hasi. Ukiandika −2 kisha ukabonyeza kitufe cha kipeo cha pili, jibu ni −4, kwa sababu kipeo hufanyika kabla ya alama ya hasi. Ili upate 4 ni lazima −2 iwe ndani ya mabano. Pia kuna vitufe viwili vinavyofanana, kimoja cha kutoa na kingine cha hasi chenye mabano yake. Tofauti yao hujitokeza mara tu baada ya kupata jibu: ukianza hesabu mpya kwa kitufe cha kutoa, kikokotoo huandika Ans mbele yake, kikidhani unataka kutoa kitu kutoka kwenye jibu lililopita. Ninauona utaratibu huo kuwa mzuri, ila anayeanza anapaswa kuelezwa mapema.

Kuhusu kuzidisha kusikoandikwa alama, ushauri wangu ni kuandika alama daima. Vikokotoo duniani havikubaliani juu ya 6 ÷ 2(1 + 2). Vingine hutoa 1 na vingine 9, kila kimoja kikifuata kanuni yake. Ukitumia umbo la sehemu badala ya alama ya kugawanya, mgogoro wote huisha, kwa kuwa inaonekana wazi kilichopo juu na kilichopo chini.

Majibu hutoka kwanza katika umbo kamili. 1 ÷ 3 hubaki kuwa theluthi moja, na kipeuo cha pili cha 8 huandikwa kama 2√2. Kitufe cha S⇔D ndicho kinachobadilisha jibu kuwa desimali, na kukibonyeza tena hulirudisha lilivyokuwa. Mwanafunzi hufaidika sana na umbo hilo. Fundi au mhasibu anayehitaji desimali tu atachoka kubonyeza kitufe hicho kila mara, na kwake ni afadhali kuingia kwenye mipangilio kwa SHIFT na MODE, kisha kuchagua LineIO, yaani uandishi wa mstari mmoja ambao hutoa majibu ya kugawanya kwa desimali. Jambo jingine linalowashtua wengi ni kwamba desimali ndogo kuliko 0.01 huonyeshwa kwa kipeo cha kumi: 1 ÷ 200 hutoka kama 5×10⁻³. Jibu ni sahihi. Anayependa kuliona kama 0.005 achague Norm 2 badala ya Norm 1 kwenye mipangilio hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye funksheni, ambako kikokotoo hiki kinastahili kujadiliwa kwa kirefu. Kila unapobonyeza sin, cos, tan, log au ln, mabano hufunguka yenyewe, lakini kuyafunga ni kazi yako. Ukiandika sin(30 + 5 bila kufunga baada ya 30, kikokotoo hakitalalamika, kitatafuta sin ya nyuzi 35 na kukupa 0.5735764364, ilhali sin(30) + 5 ni 5.5. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, kwa kuwa kwa upande wa mashine hakuna kosa lolote. Hapa ndipo ile skrini ninayoisifu inapofanya kazi yake, mradi mtumiaji akubali kuisoma.

Vipimo vya pembe ni suala zito zaidi. Kikokotoo kinafahamu nyuzi, radiani na gradi (pembe mraba ni gradi 100), na hutumia kile kilichochaguliwa mara ya mwisho. sin(30) ni 0.5 kwa nyuzi, −0.9880316241 kwa radiani, na 0.4539904997 kwa gradi. Majibu yote matatu ni sahihi kwa kipimo chake, na kinachokujulisha upo wapi ni herufi moja tu ndogo juu ya skrini, D, R au G. Kwa maoni yangu herufi hiyo ni ndogo mno kwa uzito wa jukumu ililobebeshwa. Mimi nimejizoeza kuanza kila kazi ya trigonometria kwa sin(30), na nikiona nusu naendelea. Lipo pia jaribio jingine linalotokana na umbo kamili la majibu: kwa pembe zinazogawanyika kwa 15, jibu la sin hutoka katika umbo kamili, na kwa 60 ni √3 juu ya 2. Ukiingiza 60 na ukaona mfululizo mrefu wa tarakimu katika mpangilio wa kawaida wa MthIO, ule unaoandika hesabu kama daftarini, basi haupo kwenye nyuzi.

Kitufe cha SHIFT kikifuatiwa na sin hutoa sin⁻¹, na alama hiyo ya −1 imewapotosha wengi. Hapa inamaanisha kutafuta pembe kutokana na uwiano: sin⁻¹(0.5) ni nyuzi 30. Haimaanishi kugawanya moja kwa sin. Anayetaka 1 ÷ sin(30), ambayo ni 2, aiandike hivyo hivyo au aweke sin(30) ndani ya mabano kisha abonyeze kitufe cha x⁻¹. Kwa upande wa logi, log bila kizio kilichotajwa ni ya kumi, ln ni ya e, na kipo kitufe cha pekee chenye visanduku viwili ambapo unaingiza kizio chochote unachotaka. Log ya 8 kwa kizio cha 2 hutoka 3 moja kwa moja, bila kulazimika kugawanya logi mbili kama tulivyozoea.

Kitufe ambacho ningependa kila mtumiaji wa fizikia na kemia akifahamu ni ×10ˣ, kilicho safu ya chini kabisa. Namba inayoingizwa kwa kitufe hiki huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Kwa hiyo 1 ÷ 2×10³ kwa kitufe hiki hutoa 0.0005, ambalo ndilo jibu linalokusudiwa mtu anapogawanya kwa elfu mbili. Ukiandika kwa kubonyeza × kisha 10 kisha kipeo cha 3, kikokotoo hugawanya 1 kwa 2 kwanza, halafu huzidisha kwa elfu moja, na jibu huwa 500. Kwenye skrini maandishi ya hesabu hizo mbili yanakaribiana sana, na hapa peke yake ndipo kusoma skrini hakutoshi.

Hesabu inayojirudia hufanyika kwa urahisi mkubwa kwa kumbukumbu ya Ans. Andika 1 na ubonyeze sawasawa, kisha andika (Ans + 2 ÷ Ans) ÷ 2 na uendelee kubonyeza sawasawa tu; ukisoma kwa desimali utaona 1.5, 1.416666667, 1.414215686, kisha 1.414213562, ambacho ni kipeuo cha pili cha 2 kwa tarakimu zote zinazoonekana. Kitufe cha CALC hufanya kazi ya jirani na hiyo. Unaandika 3X² + 2X mara moja, unakipa X thamani ya 4, unapata 56. Unakipa 5, unapata 85. Kwa anayechora grafu kwa mkono, kitufe hiki pekee kinatosha kumfanya aachane na kikokotoo cha kawaida.

Kumbukumbu ya M ina adabu tofauti. Kilichohifadhiwa humo hakipotei unapozima kikokotoo, kwa hiyo M+ huongeza kwenye jumla ya jana kama hukuifuta. Herufi M huonekana juu ya skrini kunapokuwa na kitu ndani yake.

Jibu linapozidi uwezo wa kikokotoo, hupati namba ya kubahatisha. Fakitoria ya 69, yaani zao la namba zote nzima kuanzia 1 hadi 69, hutoka 1.711224524×10⁹⁸, lakini ya 70 huleta Math ERROR, kwa kuwa kikomo kipo chini kidogo ya 10¹⁰⁰. Ujumbe huo huo hutokea kwa tan ya nyuzi 90 na kwa log ya namba hasi. Syntax ERROR ni jambo jingine: inahusu uandishi, na ukibonyeza kishale cha kushoto au kulia kielekezi hukupeleka mahali penye tatizo. Huduma hiyo ndogo imeniokolea muda mwingi kuliko matriki na vekta ambazo zimo humo na sijazihitaji.

Modi ya milinganyo ni nzuri, nami huitumia kuhakiki majibu ya mkono. Kwa X² − X − 6 = 0 hutoa 3 na −2. Amri ya SOLVE, kwa upande mwingine, hutafuta jibu moja lililo karibu na namba unayoanzia, kwa hiyo asiyelifahamu hilo anaweza kudhani mlinganyo una jibu moja tu.

Kuhusu umeme, kinatumia paneli ya mwanga pamoja na betri ndogo ya LR44, na hujizima chenyewe kisipoguswa. Skrini haina taa ya ndani. Gizani hakitumiki.

Ningekipendekeza kwa mwanafunzi wa sekondari ya juu, wa chuo, na kwa yeyote ambaye hesabu zake zina sehemu na vipeuo vingi. Anayefanya jumla za bidhaa na asilimia hahitaji mzigo huu wote. Na ukikipokea kutoka kwa mtu mwingine, kabla ya kukitumia bonyeza SHIFT, 9, 3, kisha sawasawa na AC: kitarudi kwenye hesabu za kawaida, nyuzi na Norm 1, na kumbukumbu zote zitafutika, zikiwemo zile ambazo mwenyewe huenda bado anazihitaji, kwa hiyo muulize kwanza.