Nimelipia Kiingereza rahisi, nimeletewa cha hotuba

Nilishasema nitakausha tu, biashara ina mengi. Lakini juzi ile ofisi iliyonihariria mwongozo wa Kiingereza imenitumia ankara ya salio, kwa hiyo sasa naongea.

Tunauza pampu za maji za sola hapa Arusha. Wateja wa ndani wana mwongozo wa Kiswahili na hauna neno. Kazi ni ule mzigo unaokwenda Malawi, Zambia na Uganda. Kule lugha ya karatasi ni Kiingereza, na anayeisoma ni fundi aliyechuchumaa kando ya mto, mikono ina grisi, mwenye shamba amemsimamia kichwani anauliza maji yanatoka saa ngapi. Kiingereza chake ni cha shule, kama changu. Nikatafuta ofisi inayohariri Kiingereza kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo. Tovuti yao inavutia, nisiwe mwongo. Wametaja hadi kile kiwango cha kimataifa cha ISO cha 2023 cha lugha nyepesi, kinachotaka msomaji apate anachohitaji, akione upesi, akielewe na aweze kukitumia. Nikasema hawa ndio wenyewe.

Rasimu yangu ilisema hivi: "Fill the pump with water. Then start the pump." Basi. Pampu ya juu ya ardhi lazima ijazwe maji kwanza, usipoijaza inazunguka kavu na sili, ile inayozuia maji yasivuje, inaungua. Ikarudi kutoka kwao hivi: "The unit may be started once it has been duly primed."

Isome taratibu. Pampu imekuwa "unit". Amri imekuwa ruhusa. La kufanya kwanza limesukumwa mwisho wa sentensi. Halafu hilo "primed"! Wao walimaanisha kujazwa maji. Fundi mmoja wa Mzuzu, kule Malawi, alinitumia ujumbe WhatsApp, kwa heshima zote, akiuliza primer iwe nyeupe au ya kijivu. Sitanii. Mafundi wengi primer wanayoijua ni ile inayopakwa kabla ya rangi, na mtu wa watu alikuwa tayari kwenda dukani kununua kopo. Huyo afadhali, aliuliza. Mwenzake wa upande wa Uganda hakuuliza, akawasha. Sili kwisha. Ya kumpelekea nyingine nimelipa mimi, na usafiri juu.

Kuna na koki. Ukurasa mmoja wameiita "valve", mbele kidogo "tap", mbele tena "stopcock". Koki ni ile ile moja! Nikaambiwa kurudiarudia neno ni uandishi mbovu. Kwenye riwaya, sawa. Fundi akikuta majina matatu atatafuta vitu vitatu, na hatavipata. Binamu yangu anatengeneza ndege, akanicheka. Wao wana Kiingereza chao kilichopunguzwa makusudi, kanuni zake zilitoka mara ya kwanza 1986, baada ya mashirika ya ndege ya Ulaya kuona kwamba wasomaji wengi wa miongozo ile si wazaliwa wa Kiingereza. Neno moja, maana moja. Sentensi ya maagizo isizidi maneno 20. Hata "oil" unaruhusiwa kuitumia kama jina la kitu tu, ukitaka kusema paka oili unatafuta kitenzi kingine. Ndege zinahudumiwa kwa Kiingereza cha hivyo, sembuse pampu ya kumwagilia nyanya.

Haki yao niwape. Ukurasa wa tahadhari za umeme wameufanya vizuri mno. Wameutoa nyuma wakauweka mbele, kila tahadhari inaanza na la kufanya, kisha sababu kwa sentensi moja fupi. "Disconnect the solar panels. They can kill you." Mpaka nikatetemeka. Sijui nani aliushika ukurasa ule, ila aliyeshika kurasa nyingine ni mtu mwingine kabisa. Kwa ukurasa huo peke yake nilikuwa nawapa nyota tatu, na pengine ningerudi.

Halafu nikaikumbuka simu.

Nilipiga kwa upole, habari za kazi kaka, samahani kwa usumbufu. Mhariri wao akanisikiliza nusu. "Kaka, mimi nimesomea Kiingereza, wewe umesomea mabomba. Tukiacha kama ulivyoandika, watu watadhani kampuni yako ni ya uchochoroni." Ya uchochoroni! Nikamuuliza kama amewahi kumwona fundi akiusoma mwongozo huku anafunga pampu. Akasema hiyo si kazi ya mhariri. Sasa ya nani, ya mpishi? Tangu siku ya kwanza hakuna aliyeniuliza msomaji wangu ni nani, amesoma wapi, atasomea kwenye karatasi au kwenye simu. Waliloniuliza ni idadi ya maneno, maana wanatoza kwa neno. Ndiyo maana "pump" ikawa sentensi ya hotuba, nadhani. Au labda nawaonea, labda ndivyo walivyofundishwa. Lakini kwa majibu yale? Nyota mbili. Hapana, moja.

Na hiyo ankara sasa. "Pay the balance by Friday." Hakuna "duly", hakuna "may be", la kufanya limetangulia na siku imetajwa. Hata yule fundi wa Mzuzu angeielewa akiwa juu ya bodaboda. Kumbe wanaweza! Aliyeandika ankara ndiye angepewa mwongozo wangu.

Salio silipi. Au nitalipa la ukurasa wa tahadhari tu, hesabu wapige wenyewe, si wanatoza kwa neno.