Uzoefu wangu na kola ya shingo, ya sponji na ile ngumu

Habari zenu ndugu zangu. Mi ni fundi cherehani, nashona maeneo ya Makoroboi hapa Mwanza, na shingo yangu ina shida ya zamani. Nikiwa kijana nilipiga mbizi kutoka kwenye mawe huku ziwani Luchelele, maji yalikuwa yameshuka nikagonga mchanga kwa utosi. Hospitali wakanipiga picha nimelala chali, wakasema hamna kilichovunjika, nikapewa dawa za maumivu nikarudi nyumbani, mikono na miguu inafanya kazi, bas tukamshukuru Mungu maisha yakaendelea. Baadae sana, nikiwa nimeshakuwa fundi na familia juu, ndo shingo ikaanza. Ikifika jioni kichwa kinakuwa kizito mpaka nakishikilia kwa mkono, kisogo kinauma, nikigeuka ghafla nasikia ka! na bega la kulia linakufa ganzi.

Watu wananiuliza sana kuhusu kola, ile ya kuvaa shingoni kuishikilia na sio ya shati, maana wananiona nayo, na wengine wanaenda kununua tu wenyewe bila kupimwa, ndo maana naandika haya.

Kwanza kilichogundua tatizo langu sio picha ya kawaida. Daktari wa mifupa aliyenisaidia alitaka eksirei ya kusimama, moja nimeinamisha kidevu, nyingine nimeangalia juu, yani anataka kuona shingo ikiwa inafanya kazi. Pingili za shingo ziko 7, zinashikiliwa na kano, yani zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, na kano zikishavutika kwenye ajali mfupa unaweza kuwa mzima kabisa ila pingili moja inateleza juu ya mwenzake kila ukiinama. Ukilala chali zinarudi mahali pake na picha inatoka safi. Kwangu ni ya nne juu ya ya tano. Akanieleza wanaangalia kama imeteleza zaidi ya milimita 3.5 au imepinda zaidi ya nyuzi (digrii) 11 kuliko majirani zake, hapo ndo wanaanza kuongelea upasuaji wa kuziunganisha kwa vyuma na skrubu. Yangu haijafika huko, kwahiyo nikaambiwa mazoezi, kubadilisha nnavyokaa kazini, na kola kwa muda maalum tu. Hilo neno la muda maalum ndo naliongelea hapa.

Nianze na kola ya sponji. Ni kipande cha sponji kimevalishwa kitambaa cha kuvutika, nyuma kinafungwa na velkro. Bei sio kubwa, maduka ya vifaa tiba mengi wanazo. Mi nimeikagua kwa jicho la fundi: kitambaa ni chepesi, mshono wa pembeni ni wa overloki tu hauna mshono wa pili, na velkro inachoka mapema kwa sababu inashika nyuzi na nywele. Mi niliitoa nikaweka nyingine nikaizungushia mishono miwili, sasa imetulia. Halafu jasho. Joto la hapa mjini mchana unalijua, sponji inanyonya jasho lote na ukiifua haikauki mpaka kesho yake. Nikashona mifuko miwili ya pamba, pamba kabisa sio poliesta, navua moja navaa nyingine, shingo haiwashi tena. Kama una fundi karibu mpelekee akushonee, ni kazi ndogo tu.

Saizi ni muhimu kuliko bei. Kaa wima, uangalie mbele, chukua futi kamba pima kutoka chini ya kidevu mpaka kwenye kale kashimo juu ya mfupa wa kifua, huo ndo urefu wa kola yako kwenda juu. Ikiwa ndefu inakusukuma kichwa nyuma, na mtu mwenye pingili inayoteleza hutakiwi kukaa umetazama juu siku nzima. Ikiwa fupi haikusaidii kitu, kidevu kinaning'inia hewani. Muuza duka akikwambia hii inamtosha kila mtu achana nae.

Sasa ukweli wenyewe: kola ya sponji haizuii shingo. Utainama, utageuka, karibu kama hujavaa. Ila inapunguza uzito kidogo, kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5 hivi, na inakukumbusha usigeuke kwa pupa. Na kitu kingine ambacho hakijaandikwa kwenye boksi lake, kwenye daladala inaongea kabla yako. Ukiwa huna kola konda anakusukuma mgongoni songa mbele songa mbele, abiria wanakuegemea, ukiwa nayo mtu anakupisha siti bila kuombwa. Mi nakaa siti za mbele au katikati, sikai za nyuma juu ya tairi maana matuta yote yanaishia shingoni. Nikienda Sengerema kwa wakwe navaa njia nzima, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 safari yenyewe imekuwa nyepesi, hamna tena kushuka kivukoni na kusukumana na mizigo ya watu. Kwa safari naipa alama zote hii kola.

Ile ngumu ni habari nyingine. Hii ni vipande viwili vya plastiki na sponji ngumu, cha mbele na cha nyuma, mbele ina tundu la koo. Nilipewa kipindi maumivu yamepamba moto, wakasema niivae siku chache tu na nirudi waangalie. Inashika kweli, nisiseme uongo, ile hali ya kutafuta mkono wa kushikilia kichwa ilikata siku hiyo hiyo na usiku nikapata usingizi. Lakini kuishi nayo ni kazi. Kidevu kinachubuka, inabidi uvue ukiwa umelala chali mtu akufutie jasho akaushe ndo urudishe. Kula unatafuna kwa shida. Na mi nakaa Bugarika, kule nyumba ziko juu ya mawe, unashuka kwa vijiwe na ngazi za kuchonga, sasa ukiwa na kola ngumu huoni miguu yako! Mke wangu ndo alikuwa anatangulia mbele nimemshika bega mpaka barabarani. Mwenye shingo mbovu akianguka pale ni balaa, kwahiyo kama unakaa milimani Bugarika au Mabatini ukipewa hii tafuta mtu wa kukushusha, au ukae ndani mpaka itoke. Na usipande nayo bodaboda, helmeti haikai vizuri juu yake.

Kitu ambacho nasisitiza kwa nguvu zote, usiishi ndani ya kola. Shingo inashikiliwa na misuli, na ukiipumzisha wiki baada ya wiki misuli inalegea, siku ukivua unakuta hali imekuwa mbaya kuliko ulivyoanza. Jirani zangu wawili watatu hapa mtaani wanavaa ile ya sponji asubuhi mpaka usiku hata wakilala, hawajaonana na mtu wa mazoezi hata mara moja. Naumia nikiwaona.

Mazoezi ndo yaliyonirudishia kazi. Dada wa fiziotherapia, yani tiba ya mazoezi, alinianzisha nimelala chali, narudisha kidevu ndani taratibu kama nataka kutengeneza kidevu cha pili, nahesabu mpaka 10 naachia. Yanaonekana madogo ila yanaamsha ile misuli midogo ya ndani mbele ya pingili. Baadae ndo akaongeza ya kuweka kiganja kwenye paji la uso nasukuma na kichwa hakisogei, halafu pembeni, halafu nyuma. Ukisikia kizunguzungu au ganzi unaacha. Na cherehani nimeiinua juu ya matofali pamoja na kiti, kitambaa kinakuja karibu na macho badala ya mimi kukifuata. Usiku nalala na mto mmoja na kanga nimeikunja roli chini ya shingo. Ndoo ya maji kichwani sibebi tena, nabeba mkononi nusu nusu.

Halafu vinyozi. Ndugu zangu hawa vijana wakimaliza kunyoa wanakushika kichwa, kushoto ka, kulia ka, na watu wanapenda. Mwenye shida kama yangu mwambie KABLA hujakaa kwenye kiti kwamba shingo haiguswi. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, ikichanika kwa kunyongwa vile mtu anaweza kupata kiharusi. Hata mtu asiye na shida ya shingo hapaswi kufanyiwa. Wanaochua na kuvuta mifupa mtaani nao hivyo hivyo, waheshimu ila shingo usiwape.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kola wala mazoezi. Ukiinama unasikia kama shoti ya umeme inashuka mgongoni, unatembea unayumba, miguu inakuwa mizito, mkojo unagoma au unatoka wenyewe, hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sisi wa kanda hii rufaa ni Bugando. Mi nina kipimo changu cha asubuhi, natunga uzi kwenye sindano ya mkono kabla sijafungua kazi. Vidole vikianza kuwa vizito, unaangusha mkasi, vifungo vya shati vinakushinda, huenda uti wa mgongo unabanwa, na hata kama shingo haiumi kabisa siku hiyo usibaki nyumbani.

Ukiniuliza ununue ipi, ya sponji, ya saizi yako, kwa ajili ya njiani na siku za maumivu, na uivue ukifika. Ile ngumu usinunue mwenyewe, subiri daktari akupe na akwambie tarehe ya kuivua. Hela inayobaki peleka kwenye mazoezi.