Kamba za kufungia zana: uzoefu wangu kwenye majengo ya ghorofa

Nasimamia mafundi wanaofunga fremu za alumini na vioo kwenye majengo marefu ya Dar es Salaam. Tulinunua kamba za kufungia zana kwenye mkanda wa fundi au kwenye jukwaa, ili zisianguke, baada ya spana kumponyoka fundi ghorofa ya tano na kumpiga begani saidia fundi aliyekuwa chini, ambaye alikuwa amevaa kofia ngumu kama inavyotakiwa.

Kofia ni lazima, lakini imani kwamba inatosha ni ya hatari. Nyundo ya kilo 1 ikianguka kutoka mita 20 hufika chini kwa mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa, ikiwa na nishati ya karibu jouli 196, ilhali kofia za kiwango cha Ulaya cha EN 397 hupimwa kwa pigo la jouli 49 tu, yaani uzito wa kilo 5 ulioangushwa kutoka mita 1. Ndiyo maana naona fedha ya kuizuia zana isianguke imetumika vizuri.

Kamba zenyewe nimeridhika nazo. Zina mpira ndani, kwa hiyo hujivuta zikawa fupi fundi anapopumzisha mkono na hazinasi kwenye vyuma vya jukwaa, na ndoano zake zina kufuli ambayo haifunguki kwa kugongwa. Mafundi walilalamika mwanzoni kwamba zinawachelewesha. Sasa wanaziulizia wenyewe kabla ya kupanda.

Udhaifu uko pale kamba inaposhikana na zana. Spana zetu nyingi, na nyundo zote za mpini wa mbao, hazina tundu la kupitishia ndoano. Muuzaji alitupa pete zenye utepe wa kuzungushia mpini, na katika vumbi la saruji na jasho utepe ule ulianza kuteleza, jambo linalotisha zaidi kuliko kukosa kamba kabisa, kwa sababu fundi anakuwa ameshaamini kwamba amefunga. Kutoboa mpini nilikataa, maana kunaidhoofisha zana. Tuliishia kununua spana zilizotengenezwa zikiwa na tundu. Kiwango cha Marekani cha ANSI/ISEA 121 cha mwaka 2018 hakiishii kwenye kamba, bali kinagusa pia kishikizo cha kwenye zana na kile cha upande wa pili, kwenye mkanda au jukwaa, kwa hiyo anayenunua aulize habari za vyote vitatu.

Drili, grainda na chochote kinachozidi kilo 2 hivi tunakifunga kwenye nguzo ya jukwaa na si kwenye mkanda wa fundi, kwani mzigo huo ukiponyoka unaweza kumvuta mtu. Skrubu na boliti hazifungiki kwa kamba. Hizo huwekwa kwenye mfuko wa turubai wenye mdomo unaofungwa, na ubao wa ukingoni mwa jukwaa, unaozuia vitu visidondoke, unabaki palepale.

Nawashauri wakandarasi wenzangu wazinunue, na gharama isikatwe kwenye malipo ya fundi, kwa kuwa kutoa vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri. Kabla ya kulipa, soma lebo kwa makini: zetu ziliandikwa uzito kwa ratili (lb), na 15 iliyosomeka haraka kama kilo kwa kweli haifiki hata kilo 7. Muuzaji anapaswa kuandika kilo, tena kwa Kiswahili, kwenye kamba yenyewe.