Tathmini ya Vikao vya Kusikilizana kati ya Polisi na Wakazi Weusi nchini Marekani

Kwa wiki sita nimehudhuria vikao vya jioni vinavyoandaliwa na shirika moja la kijamii katika mji ninaoishi hapa Marekani, ambavyo huwakutanisha askari polisi na Wamarekani Weusi, Walatino na sisi wahamiaji kutoka Afrika, ili yale yanayonong'onwa majumbani yasemwe mbele ya wanaohusika. Havina ada, na kila kimoja huchukua saa mbili.

Kikao cha tatu ndicho kilichonigusa zaidi. Mama mmoja alikuwa akisimulia jinsi mwanawe alivyolazwa kifudifudi kando ya barabara kwa sababu ya taa ya gari iliyoungua, na kila redio ya askari aliyeketi mkabala naye ilipokoroma, mama yule alishtuka, akanyamaza, kisha akaanza upya. Mara ya tatu askari aliivua ile redio begani, akaizima na kuiweka chini ya kiti bila kuambiwa na mtu. Hakujitetea wala hakueleza taratibu za kazi. Mimi mwenyewe nimewahi kusimamishwa usiku, mikono ikitetemeka juu ya usukani, lakini sikuwahi kumwona askari akiitambua hofu ya mtu na kuipisha namna ile.

Waandaaji walifanya vyema kutanguliza historia. Walitukumbusha doria zilizowasaka watumwa katika majimbo ya Kusini, kisha wakatueleza habari za LaGrange, Georgia, ambako mnamo Januari 2017 mkuu wa polisi, Louis Dekmar, aliomba radhi hadharani kwa sababu idara yake ilishindwa kumlinda Austin Callaway, kijana Mweusi aliyetolewa mahabusu na kundi la Wazungu na kuuawa mwaka 1940. Chumba kizima kilikuwa kimya, kwani wengi wetu hatukujua kwamba polisi wanaweza kutamka maneno hayo.

Kasoro zipo, na ni nzito. Askari huja na bastola kiunoni, jambo linalowafanya baadhi ya wazee wakae karibu na mlango. Hakuna mkalimani. Mshauri wa afya ya akili ni mmoja tu, naye huondoka kikao kinapokwisha, wakati ambapo majeraha yaliyofunguliwa ndiyo kwanza yanaanza kuuma. Tena wakubwa wa idara, wenye mamlaka ya kuadhibu, hawajafika hata mara moja. Minneapolis ilikuwa miongoni mwa miji sita ya mpango wa kitaifa wa kujenga imani kati ya polisi na wananchi uliotangazwa mwaka 2014, na ni huko huko ambako, tarehe 25 Mei 2020, askari alimkandamiza George Floyd, Mmarekani Mweusi, shingoni kwa goti kwa dakika 9 na sekunde 29 na kumuua. Mazungumzo yasiyoambatana na uwajibikaji hayamlindi mtu barabarani.

Hata hivyo nawashauri majirani wahudhurie. Nimejiandikisha kwa awamu ya pili, na nimewaandikia waandaaji kuwaomba walete mkalimani wa Kiswahili, bastola ziachwe nje, na mkuu wa polisi akae nasi kwenye duara.