Hadamard au Tikhonov, uanze na yupi ukitaka kujua kama tatizo la optimaizesheni (kutafuta thamani ndogo kabisa) limekaa vizuri?
Hao ni wanahisabati wawili. Hadamard (1902) anataka jibu liwepo, liwe moja, na ukigusa data kidogo jibu nalo lisogee kidogo tu. Tikhonov, 1966, anauliza kingine: makadirio yakizidi kushusha thamani kuelekea kima cha chini, yanakaribia jibu kweli? Chukua x²/(1+x⁴), kima cha chini ni 0 pale x=0, jibu moja safi, lakini weka x=100 unapata kama 0.0001, weka 1000 inashuka tena, yani programu inaona mambo poa kumbe inakimbia mbali na jibu! Kwenye optimaizesheni ya seti, ambapo thamani ni seti nzima na majibu mara nyingi ni mengi, mimi naanza na Tikhonov, ila unadai makadirio yasogelee seti ya majibu, sio nukta moja. Data zikiwa za vipimo vyenye makosa, Hadamard hakwepeki.